Hema jepesi kwa safari ndefu ya miguu: Mizani pekee haitoshi

MNAMO mwaka wa 1955, bibi wa miaka 67 kutoka jimbo la Ohio nchini Marekani aliwaambia wanawe, ambao tayari walikuwa watu wazima, kwamba anakwenda kutembea. Hakuwaeleza ni wapi wala kwa muda gani. Baada ya siku 146 Emma Gatewood, mama wa watoto 11, alisimama juu ya Mlima Katahdin jimboni Maine akiwa mwanamke wa kwanza kuikamilisha Njia ya Appalachian peke yake katika safari moja. Hakuwa na hema. Katika mfuko aliojishonea kwa kitambaa cha jinzi alitia blanketi, chakula kidogo na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga mvua.

Kisa cha Nyanya Gatewood, kama alivyokuja kujulikana, hurejelewa mara nyingi na wapenzi wa safari za miguu, hasa wale wanaoshikilia kwamba wepesi wa mzigo ndiyo siri kuu ya kufika mwisho wa njia. Lipo jambo moja ambalo wasimulizi hao huelekea kulisahau. Hali ya hewa ilipochacha, bibi huyo alibisha hodi katika nyumba za watu asiowajua akaomba hifadhi, na milango mingi ilifunguliwa. Siku nyingine alilala barazani mwa watu au katika vibanda vya wasafiri vilivyojengwa njiani. Pazia lilitosha kwa sababu halikuwa kinga yake pekee.

Suala la kiasi gani cha kinga mtu anaweza kukiacha nyumbani bila ya kuyahatarisha maisha yake ndilo linalomkabili kila anayetaka kununua hema jepesi hii leo. Wauzaji hulijibu kwa gramu. Jibu lao lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote.

Hatua milioni tano

Ili kuelewa ni kwa nini mtu mwenye akili timamu hukata mpini wa mswaki wake ili kupunguza mzigo, sharti kwanza ufahamike umbali wenyewe. Njia ya Appalachian ina urefu wa takriban kilomita 3,500. Huanzia Mlima Springer katika jimbo la Georgia, ikapitia majimbo 14 na kukomea Katahdin. Ile ya Pacific Crest ni ndefu zaidi: hutoka mpaka wa Marekani na Mexico hadi mpaka wa Canada, kupitia California, Oregon na Washington, mwendo wa kilomita 4,265 hivi. Anayeifuata mojawapo kwa miguu huchukua miezi mitano au zaidi, na ile ya Appalachian pekee hukadiriwa kuhitaji hatua milioni tano. Katika kila watu wanne wanaoianza wakinuia kuimaliza kwa safari moja, ni mmoja tu au karibu na hapo anayefika. Wengine huishiwa na pesa, wengine hukumbuka nyumbani, na wengi magoti na nyayo huwasaliti.

Kilo moja mgongoni si kitu kwa anayetoka sokoni. Kilo hiyo hiyo ikirudiwa hatua milioni tano, nyingi zikiwa za kupanda na kuteremka, ni habari nyingine kabisa.

Aliyeieneza hesabu hiyo zaidi ya wengine wote ni Ray Jardine, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika sekta ya vyombo vya anga na mpanda majabali mashuhuri, ambaye mwaka wa 1992 alichapisha kitabu cha mwongozo kwa wasafiri wa Njia ya Pacific Crest. Jardine, ambaye alisafiri pamoja na mkewe Jenny, alijishonea shanta na turubai badala ya kununua mizigo iliyokuwa madukani. Kutokana na mawazo kama yake, ilizoeleka kupima kile kinachoitwa mzigo wa msingi, yaani kila kitu kilichomo shantani isipokuwa chakula, maji na mafuta ya jiko. Mzigo huo ukiwa chini ya pauni 10, ambazo ni kama kilo 4.5, mwenyewe huhesabiwa miongoni mwa wasafiri wepesi kabisa. Vitu vitatu ndivyo hula sehemu kubwa ya kilo hizo: shanta, mfuko wa kulalia na hema.

Haishangazi kwamba hesabu hizi zilichelewa kufanywa. Halford Mackinder alipokwea kilele cha Batian katika Mlima Kenya mwaka wa 1899, msafara wake ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Mpagazi wa enzi hizo alitwishwa mzigo wa takriban kilo 30. Aliyelala hemani hakuwa yule aliyelibeba, kwa hivyo uzani wa hema haukumkosesha usingizi.

Uzani wa dukani na uzani wa njiani

Hema la kawaida la watu wawili, la aina iliyokuwa ikiuzwa kwa wasafiri miaka ya 1980, lilikaribia kilo tatu. Leo kuna mahema ya watu wawili yenye uzani wa gramu 500 hadi 600. Kabla ya kuzishangilia nambari hizo, mnunuzi anafaa kuuliza ni kitu gani hasa kilichowekwa juu ya mizani.

Aghalabu watengenezaji hutangaza uzani mdogo kabisa, ambao ni wa kitambaa cha nje, chumba cha ndani na fito za kusimamishia. Vigingi, kamba na mifuko ya kutilia hutajwa kwingineko, kwa maandishi madogo. Vigingi sita au vinane vya alumini huongeza kiasi cha gramu 60 hadi 120. Kama sakafu ni nyembamba mno, mtu hulazimika kubeba na tandiko la kuikinga na mawe. Halafu kuna mahema yasiyokuwa na fito kabisa, yale yanayosimamishwa kwa mikongojo ambayo msafiri huitumia kutembelea. Wazo hili ni zuri, kwani chombo kimoja hufanya kazi mbili, lakini wepesi huo ni wa kweli kwa anayetembea na mikongojo tu. Asiyeitumia atanunua fito mbadala na kuzibeba. Mkongojo nao ukivunjika mchana, hema huwa limepoteza nguzo usiku.

Upo pia ujanja wa idadi ya watu. Hema la wawili kwa kawaida lina upana wa sentimita 125 hadi 135. Godoro la kupuliza la kawaida lina upana wa sentimita 51, na lile pana 64. Magodoro mawili mapana yakipangwa sambamba hufika sentimita 128, na hapo hakuna hata nafasi ya kuweka viatu. Kwa maneno mengine, hema la wawili ni la wawili wanaopendana sana, na hema la mmoja ni la mmoja asiyegeukageuka. Urefu nao hudanganya vivyo hivyo. Sakafu inaweza kuwa na mita mbili na nusu robo, lakini kuta zikiwa zimelala sana, mtu mrefu ataamka nyayo zake zikiwa zimegusa kitambaa kilicholowa. Ubaya wa jambo hilo utaonekana hapa chini.

Nailoni, polista na matanga ya mashua

Wembamba wa nyuzi hupimwa kwa denia, kipimo ambacho ni uzani kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Uzi wa denia 20 unaotumiwa katika mahema mengi mepesi ni mwembamba kiasi kwamba kipande kinachoweza kutandazwa kutoka katikati mwa jiji la Nairobi hadi viungani Kangemi au karibu na hapo kina uzani wa gramu 20 tu. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi hizo hupakwa silikoni au dawa ya plastiki ili kisipenyeze maji.

Kuzuia maji nako kuna kipimo chake. Nguzo ya maji husimamishwa juu ya kitambaa, ikaongezwa kimo hadi matone yaanze kupenya upande wa pili. Hema jepesi la kuaminika huandikwa milimita 1,200 hadi 3,000 au zaidi. Paa linaweza kuhimili mvua nzito hata kwa kiwango cha chini cha nambari hizo. Sakafu ndiyo inayoteseka, kwa sababu mtu anapopiga magoti penye ardhi yenye maji, uzito wake wote hukandamiza sehemu ndogo ya kitambaa, na maji husukumwa kwa nguvu kupita ile ya mvua.

Nailoni iliyopakwa silikoni ni imara, hunyumbuka na bei yake ni ya wastani. Kasoro yake ni kwamba hunywa unyevu na kurefuka. Hema lililokazwa kama ngoma jioni huwa limelegea usiku wa manane, na mwenyewe hulazimika kutoka mvuani kukaza kamba. Polista hainywi maji kiasi hicho, hivyo hubaki imekazika, na hustahimili jua kuliko nailoni; ila kwa unene ule ule huchanika kwa urahisi zaidi. Katika miaka ya hivi karibuni watengenezaji kadhaa wameipa polista kipaumbele, na kwa maoni ya wengi hawajakosea.

Kitambaa cha tatu kina asili ya baharini. Nyuzi zenye nguvu nyingi za aina ya plastiki ziitwazo Dyneema hulazwa katikati ya tabaka mbili nyembamba za polista, bila ya kufumwa. Kitambaa hicho kiliundwa kwa ajili ya matanga, na jina lake la awali, Cuben, lilitokana na mashua America³ iliyotwaa Kombe la Amerika mwaka wa 1992. Hakinywi maji, hakirefuki, na ndicho kilichowezesha kupatikana kwa mahema ya nusu kilo. Kikitoboka huzibwa kwa kipande cha utepe wake maalumu kwa dakika moja. Lakini hukunjika kwa ukaidi na kujaza shanta, huchakaa kinaposuguliwa na mawe, na mahema yake mengi hupita bei ya dola 600 za Marekani. Hema la polista linalosimamishwa kwa mikongojo, ambalo huzidi lile kwa gramu 300 hivi, huweza kupatikana chini ya nusu ya bei hiyo. Kwa msafiri ambaye hajalala nje hata usiku 20 katika maisha yake, ni vigumu kutetea gharama hiyo ya ziada. Gramu 300 zinaweza kupunguzwa bila ya kulipa chochote, kwa kuacha nyumbani suruali ya pili.

Mvua ya ndani

Malalamiko mengi kuhusu mahema mepesi ni kwamba yanavuja. Mara nyingi hayavuji. Binadamu aliyelala hutoa unyevu kwa pumzi na ngozi, kiasi cha robo lita au zaidi kwa usiku mmoja. Kitambaa kisichopenyeza maji ya mvua hakipenyezi mvuke huo pia. Usiku unapokuwa mtulivu na wenye baridi, paa hupoa kuliko hewa iliyolizunguka, mvuke ukaligusa na kugeuka kuwa matone. Alfajiri upepo ukivuma kidogo, matone hayo humdondokea aliye chini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mifuko ya kulalia iliyo myepesi zaidi hujazwa manyoya ya bata, ambayo yakilowa hushikamana na kupoteza karibu uwezo wake wote wa kutunza joto. Usiku mmoja huenda usilete madhara makubwa. Usiku wa tatu mfululizo wa mvua, mfuko ukiwa haujapata jua la kuukausha, mtu aliyechoka na ambaye hajala vya kutosha anaweza kupoteza joto la mwili hadi akaanza kutetemeka, kusema maneno yasiyoeleweka na kufanya maamuzi mabaya. Na hilo halihitaji theluji. Mvua, upepo na nyuzijoto chache juu ya sufuri zinatosha.

Mahema mazito ya zamani yalipunguza tatizo hili kwa kuwa na kuta mbili: chumba cha ndani cha kitambaa kinachopumua au cha wavu, na paa la nje lisilopenyeza maji. Matone hujikusanya kwenye paa na mlalaji hayagusi. Mahema mengi yaliyo mepesi kabisa yana ukuta mmoja, na ukuta ule wa pili uliondolewa ndiyo sehemu kubwa ya wepesi wake. Katika jangwa la kusini mwa California, ambako hewa ni kavu, ukuta mmoja hauna taabu. Katika misitu ya majimbo ya mashariki, ambako unyevu hutanda msimu mzima wa joto, hitaji la kuta mbili ni kubwa zaidi, au walau liwepo tundu la kupitisha hewa juu na chini.

Mahali pa kulala nako kuna uzito sawa na aina ya hema. Hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni na kando ya mito, hivyo anayepiga hema mita kumi au ishirini juu ya maji huamka mkavu kuliko jirani yake wa chini. Matawi ya miti nayo huzuia paa lisipoe upesi. Mambo haya mawili hayana uzani wowote mgongoni.

Upepo na ardhi

Hema linalojisimamia kwa fito zake huweza kupigwa popote. Lile la mikongojo hutegemea vigingi, na kigingi hutegemea udongo. Katika Milima ya White jimboni New Hampshire kambi nyingi zina majukwaa ya mbao, na huko Sierra Nevada mtu huweza kujikuta juu ya mwamba mtupu. Wazoefu hufunga kamba kwenye mawe makubwa. Asiyewahi kujifunza ufundi huo asingoje kujifunza gizani. Wadudu pia wasipuuzwe: kupe wa Njia ya Appalachian hueneza ugonjwa wa Lyme, na mbu wa Sierra theluji inapoyeyuka ni wengi mno. Turubai tupu, ambalo ndilo jepesi kupita vyote, litamfaa aliye tayari kubeba na chandarua.

Hapa Kenya mizani hubadilika. Wengi wanaoupanda Mlima Kenya hutembea kwa siku nne hadi sita wakisaidiwa na wapagazi, na tofauti ya gramu 500 haiamui nani atafika Lenana, kilele chenye kimo cha mita 4,985. Kinachoamua ni usiku. Penye kambi za Shipton na Mackinder, zilizo katika kimo cha mita 4,200 hivi, maji huganda usiku, na mvuke ulioshika paa hugeuka barafu ambayo hunyesha ndani jua linapochomoza. Alasiri huja mawingu na mvua hata nje ya misimu ya masika na vuli. Aidha miale ya jua la ikweta katika kimo hicho ni mikali, nayo hudhoofisha nailoni nyembamba. Hema lisiachwe limesimama mchana kutwa bila ya sababu. Kwa mlima huu, hema la kuta mbili lenye uzani wa kilo moja na nusu ni uamuzi wa busara kuliko lile la nusu kilo. Hema la aina yoyote, liwe jepesi au zito, si ua la kumzuia nyati, ndiyo maana mtu hupiga kambi mahali palipotengwa.

Hema likishanunuliwa, lipigwe nyumbani kwanza, na kama mvua haipo limwagiwe maji kwa mpira wa bustanini. Mahema mengi ya nailoni yenye silikoni pande zote mbili hayawezi kubandikwa utepe kwenye mishono, na baadhi huuzwa mishono ikiwa wazi. Mwenyewe huipaka silikoni kwa brashi na kuiacha ikauke usiku kucha. Safarini, hema lililolowa huanikwa wakati wa chakula cha mchana, dakika 20 za jua zikitosha. Baada ya safari likaushwe kabisa, kisha litiwe katika mfuko mpana wa pamba badala ya ule wake wa kubana. Anayeishi Mombasa, Lamu au kwingineko penye joto na unyevu anahitaji uangalifu zaidi, hasa kama sakafu imepakwa dawa ya plastiki. Dawa hiyo hunyonya unyevu wa hewa pole pole na kuoza, na hema ambalo halijafunguliwa kwa miaka kadhaa hutolewa kabatini likiwa linanata, lina harufu mbaya, na dawa yake ikibanduka vipande vipande.